Majoho Meupe na Upepo wa Kusini

Baridi ya Guangzhou haina kelele. Inaingia ndani ya nyumba kimya kimya, inakaa, na haitaki kuondoka.

Albina alikuwa ameizoea. Yeye na mumewe Sostenes walitoka Njombe, kule ambako watoto huenda shule asubuhi wakitoa moshi mdomoni. Walikuja China kununua nguo na kuzisafirisha nyumbani. Waliishi na binti yao Kissa, mwenye miaka sita. Walikuwa na chumba na sebule katika mtaa wa Xiaobei, ghorofa ya pili ya jengo la zamani. Hapo si mbali na Jengo la Tianxiu, ambako wafanyabiashara wengi Waafrika wana maduka na ofisi zao.

Majira ya baridi yalikuwa yanakaribia kwisha. Kwa zaidi ya wiki moja upepo mkali ulikuwa ukivuma kutoka kaskazini. Nyumba za Guangzhou hazina mabomba ya joto kama nyumba za Beijing. Kuta zilikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Albina alichemsha chai ya tangawizi asubuhi, mchana na jioni.

"Watu wa huku wanalalamika bure," Sostenes alisema, kofia ya sufu imemfika machoni. "Waje kwetu Makete mwezi wa saba! Huku ni vuguvugu tu."

"Vuguvugu, na wewe umevaa suruali mbili," Albina alimjibu.

"Tatu," Kissa alisahihisha.

Wote wakacheka.

Wiki ile Albina alikuwa na kazi kubwa. Kwaya yake ya zamani kule Njombe ilimwagiza majoho meupe arobaini kwa ajili ya Pasaka. Kwaya ile haikuwahi kuwa na majoho. Mwaka uliopita, kwenye mkutano wa kwaya, waliimba wakiwa na mashati ya kila rangi. Wenzao wakawaita "kwaya ya mnadani". Watu walicheka mpaka nyimbo zikaharibika. Basi wanakwaya walilima viazi pamoja, wakaviuza, wakamtafuta Albina.

"Dada, safari hii tunakutegemea wewe," mwalimu wa kwaya, Heriel, alimwambia kwenye simu. "Majoho yasipofika, hatuendi. Wanakwaya wameapa."

"Yatafika," Albina alisema. "Nimekupa neno langu."

Majoho yalishonwa Kangle, mtaa wenye karakana nyingi za ushonaji. Mafundi walishona vizuri. Lakini Albina alitaka kutia utepe wa dhahabu kwenye kola kwa mkono wake mwenyewe. Kwa hiyo waliyaleta nyumbani. Sostenes alifunga kamba sebuleni, kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Majoho yote yakatundikwa kwenye henga, meupe, marefu, yamepangwa mistari.

Kontena la kuyapeleka nyumbani lilikuwa linafungwa Jumamosi mchana. Meli iliyofuata ingefika baada ya Pasaka.

"Ukiyatazama haraka haraka," Sostenes alisema, "utadhani ni watu wamesimama wametupa mgongo."

"Usimtishe mtoto, Baba Kissa."

"Mimi siogopi," Kissa alisema. Lakini tangu hapo alipita sebuleni akiwa amefumba macho.

Jumatano asubuhi baridi ilikatika ghafla. Albina aliamka akasikia joto mashavuni, kama mtu anampumulia. Akaangalia simu. Ilionyesha nyuzi ishirini na mbili.

"Afadhali!" alisema. "Baridi imekwisha."

Kila mwanamke wa Njombe anajua la kufanya siku kama hiyo. Baridi ikishaondoka, unafungua milango, unafungua madirisha, unatoa blanketi nje. Nyumba inapumua. Albina akafungua madirisha yote yanayotazama kusini. Upepo laini ukaingia. Majoho yakatikisika kidogo, yote kwa pamoja.

Kisha akaenda Barabara ya Guangyuan Magharibi, kwenye masoko makubwa ya nguo, kutafuta utepe na mifuko ya nailoni. Alitembea duka hadi duka. "Laoban, una utepe huu?" aliuliza. Laoban ni bosi, ndivyo wanavyoitwa wenye maduka. Wengi walitikisa kichwa wakasema meiyou, yaani hakuna. Alipoupata, mchana ulikuwa umekwenda.

Alimpitia Kissa shuleni. Walipotoka, mji ulikuwa umebadilika.

Ukungu ulikuwa umeshuka. Maghorofa marefu yalikatwa katikati. Yalikuwa na miguu, hayakuwa na vichwa. Wabeba mizigo walitokea ghafla na marobota yao, wakapita bila sauti, wakafutika. Taa za barabarani ziliwashwa ingawa bado ulikuwa mchana. Kila taa ilikuwa na duara jeupe kama maziwa.

"Mama, jua limeenda wapi?"

"Lipo. Tembea, mwanangu."

Walipofika kwenye jengo lao, Albina alitazama juu. Kitu kimoja kikamshangaza. Madirisha yote ya jengo yalikuwa yamefungwa. Yote. Yaliyokuwa wazi ni ya kwake tu. Hakukuwa na mtu kwenye roshani, hakukuwa na nguo zilizoanikwa. Ilikuwa kana kwamba majirani wote walijua kuna kitu kinakuja, wakajifungia ndani. Yeye peke yake hakuambiwa.

Ndani, ngazi zilikuwa zimelowa. Hakuna aliyekuwa amepiga deki. Maji yalitoka kwenye kuta zenyewe. Yalianza kama vitone vidogo, vikakutana, vikateremka polepole kama machozi.

"Mama," Kissa alinong'ona, "ukuta unalia."

Albina alimshika mkono. Alifungua mlango wa nyumba yao.

Sakafu iling'aa kwa maji. Dari ilikuwa inadondosha, tone moja, kisha kimya, kisha tone jingine. Hewa ilikuwa nzito, na ilinuka kama shimo lililofunuliwa. Katikati ya yote hayo majoho yalisimama katika ukungu ulioingia dirishani. Yaligeuka kidogo kushoto. Yakageuka kidogo kulia.

Kissa alipiga kelele.

Hakuwa anatazama majoho. Alikuwa anatazama kioo cha kabati. Kioo chote kilikuwa kimefunikwa na mvuke mweupe, na katikati ya mvuke kulikuwa na uso. Ulikuwa na macho mawili ya duara na mdomo mpana. Hakuna mtu wa nyumba ile aliyeuchora. Albina aliufuta haraka kwa kiganja.

Sostenes aliporudi jioni, alikuta mke wake anakausha kuta kwa taulo. Akachukua tambara akamsaidia. Walikausha ukuta wa kwanza, wakaenda wa pili. Walipogeuka, ukuta wa kwanza ulikuwa umelowa tena.

"Bomba limepasuka," Sostenes alisema.

"Bomba gani linapasuka kwenye kuta zote nne? Na kwenye dari? Na kwenye mlango wa mbao?"

"Basi tuongeze hewa. Fungua na mlango. Washa feni."

Walifungua mlango na kuwasha feni. Maji yakazidi. Sasa hata meza ilitoa jasho, hata sufuria ukutani, hata picha ya harusi yao ndani ya fremu.

Uso ulikuwa umerudi kwenye kioo, pale pale, na mdomo wake mpana.

Sostenes aliuona. Hakucheka.

"Mama Kissa," alisema taratibu, "aliyekaa hapa kabla yetu alihama kwa nini?"

"Sijui. Mama mwenye nyumba hakusema."

"Na sisi hatukuuliza. Tuliona nyumba imepatikana haraka, tukafurahi." Alitazama dari. "Nyumba hii ina mwenyewe."

"Usiseme hivyo."

"Nisiseme, na naona kwa macho yangu?"

Walipiga magoti pale pale kwenye maji, wakasali. Kissa alilala kati yao usiku ule. Shuka ilikuwa na unyevu, na ilishika mwili.

Asubuhi ya Alhamisi, Albina alishika joho la mwisho kwenye kamba, lile lililogusa ukuta. Lilikuwa zito, kama limetoka kwenye beseni. Akakunjua pindo lake. Palikuwa na madoa meusi, madogo kama mbegu za ulezi. Ilikuwa kuvu, na ilikuwa imeanza kula nguo.

Alikaa chini. Aliwaona wanakwaya wamesimama mbele ya watu wakiwa na majoho yenye madoadoa. Alisikia kicheko cha mwaka jana, sasa kikubwa zaidi.

"Tuyafunge sasa hivi," Sostenes alisema. "Tutie yote kwenye mifuko, tuyatoe humu ndani kabla hayajaisha."

"Yamelowa!"

"Basi nitayakausha kwanza. Yule muuza nyama choma wa chini ana makaa. Nitaleta jiko, tufunge kila kitu, joto likae. Ifikapo jioni yatakuwa makavu."

Alishuka. Baada ya muda mfupi Albina akasikia sauti ya mwanamke kwenye ngazi, na sauti hiyo ilijaa jengo zima.

"Baba Kissa! Hiyo jiko unapeleka wapi? Unachoma nani?"

Alikuwa Kawira, jirani yao wa ghorofa ya tatu. Kawira ni Mkenya kutoka Meru. Ni wakala wa mizigo, na ofisi yake iko Jengo la Tianxiu. Ameishi Guangzhou miaka mingi. Siku zile alikuwa safarini mji wa Yiwu, na sasa alikuwa anapandisha sanduku lake.

"Nakausha nyumba, dada Kawira," Sostenes alisema.

"Na makaa? Ndani ya nyumba umefunga?" Kawira aliweka sanduku chini. "Rudisha huyo moto kwa mwenyewe. Moshi wa makaa una hewa ya sumu. Huioni, huinusi. Mnasikia usingizi mtamu, halafu hamuamki. Kila majira ya baridi watu wanakufa hivyo. Rudisha, nimesema!"

Sostenes alirudisha jiko. Kawira akaingia sebuleni. Aliona majoho, akaona kuta, akaona madirisha.

"Woi!" alisema. "Kwani nani aliwaambia mfungue?"

Hakungoja jibu. Alikwenda dirisha hadi dirisha, akafunga moja baada ya jingine. Akafunga mlango wa roshani. Akazima feni.

"Shikamoo anti," Kissa alisema kutoka nyuma ya mama yake.

"Marahaba, mrembo. Mbona unajificha?"

"Kuna mtu kwenye kioo."

Kawira alitazama ule uso. Kisha akafuta sehemu ya pembeni ya kioo kwa kitambaa, akamwita Kissa.

"Chora kitu hapa na kidole."

Kissa alichora samaki. Kawira akafuta na kitambaa, samaki akapotea. Akapulizia kioo kwa mdomo, haa! Samaki akarudi.

"Umeona? Kidole kina mafuta kidogo. Mafuta yanabaki hata ukifuta. Mvuke ukija, mchoro unarudi. Huyo mtu wenu alichorwa na mtoto aliyekaa hapa zamani. Pengine amekuwa mkubwa, ana bibi na mashamba."

Kissa alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu jana.

"Na kuta, dada?" Albina aliuliza. "Kuta nazo zimechorwa?"

"Mama Kissa, ukitoa soda kwenye friji ukaiweka mezani, nini hutokea?"

"Chupa inatoa jasho."

"Soda imetoboka?"

"Hapana."

"Maji yametoka wapi?"

Albina alifikiri. "Kwenye hewa?"

"Kwenye hewa! Hewa ya joto imebeba maji, huyaoni. Ikigusa chupa ya baridi, inayaacha pale. Sasa, nyumba yako ilikaa kwenye baridi zaidi ya wiki. Kuta zimekuwa friji. Jana hewa ya joto imetoka baharini, imejaa maji. Wewe ukaifungulia dirisha, ukaiambia karibu."

"Lakini kwetu, baridi ikiisha tunafungua!"

"Kwenu, joto linakuja na jua kavu. Hapa linakuja na bahari. Wenyeji wanaiita huinantian, maana yake kusini kumerudi. Kila mwaka, baridi ikielekea kwisha, hiyo hali inakuja. Ndiyo sababu majirani wamefunga. Hawakuwaficha. Walidhani mnajua."

Sostenes alikuwa amesimama mlangoni. "Wao wamejuaje kabla haijafika?"

"Utabiri wa hali ya hewa."

"Mimi niliangalia simu," Albina alisema. "Ilisema nyuzi ishirini na mbili. Basi."

"Na hapo ndipo ulipoishia." Kawira alitoa simu yake. "Njooni."

Alifungua ramani ya China nzima. Juu ilikuwa na rangi ya bluu nzito. Katikati kulikuwa na kijani. Chini, karibu na bahari, kulikuwa na mishale midogo inayopanda.

"Hii nchi ni kubwa mno. Mimi mizigo yangu inatoka kila mahali, kwa hivyo lazima nione yote. Tazama juu hapa, theluji inaanguka Harbin. Hapa Beijing ni kukavu, upepo mkali. Hapa katikati, Wuhan, ni mvua ya baridi, barabara zinateleza, malori yanachelewa. Na hapa chini ni sisi, na ukungu wetu. Siku moja, nchi moja, hali nne. Ukiangalia Guangzhou peke yake, unaona tu yaliyofika. Ukiangalia nchi yote, unaona yanayokuja."

"Na hii mishale?" Sostenes aliuliza.

"Ndiyo upepo. Sasa unatoka kusini, kwa hivyo tunafunga. Usisome joto peke yake. Soma na unyevu wa hewa, na upepo unatoka wapi. Upepo ukitoka kusini na unyevu ni zaidi ya tisini kwa mia, funga. Ukigeuka ukatoka kaskazini, hewa ni kavu. Fungua kila kitu, hata kabati."

Aliteremsha kidole kwenye ramani. Ile bluu ya juu ikaanza kusogea.

"Huu ni utabiri wa siku tatu zijazo. Tazama. Upepo wa kaskazini unashuka. Leo uko Wuhan. Kesho asubuhi, Changsha. Kesho mchana unaingia mkoa wetu. Jioni uko hapa."

Albina alitazama bluu ile ikiteremka kimya, mji kwa mji. Ilikuwa kama kitu kikubwa kisicho na miguu kinatembea juu ya nchi nzima, kinawatafuta wao. Jana kingemtisha. Leo alikitamani.

"Kontena linafungwa Jumamosi mchana," alisema. "Nifunge majoho leo?"

"Ukifunga leo umefungia maji ndani ya nailoni. Meli itakaa baharini mwezi na zaidi, kwenye joto. Mtafungua Njombe mkute uyoga. Ngoja upepo."

"Usipokuja?"

"Utabiri si ahadi," Kawira alisema. "Ni makadirio ya watu waliopima. Wa kesho huaminika kuliko wa wiki ijayo. Kwa hivyo tunautazama tena na tena."

Siku ile walifanya kama alivyosema. Walikausha sakafu kwa matambara makavu. Hawakupiga deki kwa maji. Walisogeza kamba mbali na kuta, wakaacha nafasi kati ya joho na joho. Kiyoyozi, ambacho walidhani ni cha majira ya joto tu, kilikuwa na alama ya tone la maji. Kawira alibonyeza alama hiyo kwenye rimoti. Kikaanza kunyonya maji hewani, na bomba lake la nje likatiririka mfululizo.

Joho lenye madoa Albina alilifua kwa maji ya moto na siki. Madoa yakafifia. Pindo lililobaki na alama alilikata, akalishona upya.

Kufika Ijumaa asubuhi kuta zilikuwa bado na unyevu, lakini hazikutiririka. Majoho yalikuwa mepesi kidogo. Hayakuwa makavu.

Mchana ukafika. Ukungu ulikuwa umesimama dirishani, mzito kuliko jana. Haukuwa na haraka. Nje hakuonekana hata jengo la jirani. Sauti za mtaani zilikuja bila watu wake: kengele ya baiskeli, mtu anakohoa, mtoto anaita.

Albina alipiga simu. "Dada Kawira, ulisema mchana unaingia mkoa wetu, na ukungu umezidi."

"Naona. Unachelewa kidogo. Utabiri umebadilika, sasa wanasema utafika kwetu usiku. Ngoja." Akasikika anaongea na mtu mwingine, kisha akarudi. "Nimepigia Josphat, kijana wangu wa malori. Yuko Changsha. Anasema kule ukungu umeondoka asubuhi, na upepo karibu umtupe chini. Unakuja, mama. Usiguse hiyo dirisha."

Saa zikapita. Sostenes alianza kuzunguka sebuleni. "Tukikosa kontena kwa sababu ya kungoja upepo," alisema, "tutamwambia nini Heriel?"

"Tutamwambia nini tukipeleka kuvu?"

Sostenes alisogeza kiti akakaa karibu naye. Wakangoja, wakiwa wamezungukwa na majoho yasiyotikisika.

Albina aliangalia ramani tena. Bluu ilikuwa imefika Shaoguan, kaskazini mwa mkoa. Akaangalia tena. Ilikuwa imeteremka. Nje, kitu kilipiga kelele mbali, kama bati linaburutwa. Kisha kingine, karibu zaidi. Kamba za nguo za roshani ya jirani zikaanza kulia. Mlango wa jengo ukajigonga chini, bamu!

Kissa alimkumbatia baba yake.

Ukungu dirishani ukatetemeka. Ukapasuka kama shuka kuukuu. Nyuma yake ikaonekana taa, kisha dirisha lenye mtu anapika, kisha jengo zima. Baridi kavu ikapenya chini ya mlango, ikawagusa vifundo vya miguu.

Albina alikwenda na karatasi nyembamba hadi kwenye dirisha, akalifungua kidogo, akaishika karatasi nje. Ilielekea kusini. Upepo ulikuwa unatoka kaskazini. Akaangalia simu. Unyevu ulikuwa umeanza kushuka, tena kwa kasi.

"Sasa," alisema. "Fungua!"

Walifungua madirisha yote, mlango na kabati. Upepo ukapita nyumbani kama mgeni mwenye haraka. Majoho yakapaa, mikono yao ikanyooka, yakajaa kana kwamba watu wameingia ndani yake. Sostenes alishikilia kamba kwa mikono miwili, anacheka. Katika jengo zima yakasikika madirisha yakifunguliwa, juu, chini, pembeni. Majirani walitoka kwenye roshani na blanketi zao. Mama mmoja Mchina wa jengo la ng'ambo alimwona Albina, akainua kidole gumba.

Jumamosi asubuhi majoho yalikuwa makavu, yanatoa sauti ya karatasi yakikunjwa. Albina alipapasa kila pindo. Kisha yakaingia kwenye mifuko, na mifuko kwenye maboksi. Kawira aliyapokea mwenyewe.

"Haya, Wabongo," alisema akibandika karatasi ya mwisho. "Mnaona? Na hakuna aliyechomwa."

Siku ya Pasaka Heriel alituma video. Wanakwaya waliingia kanisani mistari miwili, majoho meupe tupu. Albina aliitazama mara nyingi, akitafuta doa. Hakuliona. Watu kwenye viti walisimama, na wala hakuna aliyecheka. Heriel aliandika maneno machache chini yake: "Leo wametuuliza sisi ni kwaya kutoka mji gani."

Tangu wakati ule, Albina husoma utabiri kila jioni na kurekodi sauti fupi kwa ajili ya kikundi cha wafanyabiashara. Anasema upepo unatoka wapi, na unyevu ni kiasi gani. Wengine hutania, wakimwita Mamlaka ya Hali ya Hewa. Lakini wakisikia "kusini", wanafunga.

Majira ya baridi yaliyofuata, simu yake iliita mchana mmoja wa ukungu. Ilikuwa namba asiyoijua. Mwanamke aliongea kwa kunong'ona, kama mtu asiyetaka kusikika na aliye naye chumbani.

"Dada Albina? Naitwa Herieth. Nimefika juzi kutoka Mbeya. Watu wa kikundi wamenipa namba yako." Nyuma yake kulisikika tone la maji likianguka. "Dada, niko peke yangu humu ndani. Kuta zinatoa jasho. Nafuta, zinarudi. Naogopa."

"Usiogope, mdogo wangu," Albina alisema. "Hakuna mtu humo ila wewe. Inuka, nenda dirishani, ulifunge."

Akasikia hatua, kisha dirisha likifungwa.

"Nimelifunga."

"Vizuri. Sasa usikate simu, fungua humo ramani ya hali ya hewa ya nchi nzima. Anza juu kabisa, kule kwenye theluji, kisha uniambie unaona nini kinashuka."